Bodi Tano za Fundi Ke

Shangazi Liao ana mdomo unaochemka kuliko sufuria yake. Asubuhi ile alisimama mlangoni mwa jengo kama kawaida, anafunua trei za mvuke na kukunja chapati laini za mchele, na foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye ngazi.

"Mimi sisemi kitu," alisema, na wote waliokuwa kwenye foleni wakajua kwamba sasa ndiyo anaanza. "Ila yule mzee wa ghorofa ya tatu, huyo Ke, kitu kikiingia chumbani kwake hakitoki. Muulizeni kinyozi. Feni yake imelala humo mwaka mzima. Anazing'oa zile bodi za ndani za umeme, anazikwangua, anazipiga picha, halafu anaagiza kiwandani zitengenezwe tano tano. Tano! Mtu mwenye akili zake, tano za nini? Anauza, huyo. Na kule kiwanda cha televisheni alikokuwa, msidanganywe kwamba alistaafu. Alifukuzwa. Aliunguza laini nzima."

"Ulikuwepo, Shangazi?" aliuliza kijana wa pikipiki ya vifurushi.

"Masikio yangu yalikuwepo. Yai moja au mawili?"

Nong Yinhua alikuwa wa nne kwenye foleni, binti yake Duoduo amefungwa mgongoni kwa mbeleko ya kwao Guangxi. Alichukua chapati yake, akaelekeza simu kwenye kibandiko cha ukutani akalipa, akapanda ngazi polepole kama aliyebeba maji ya moto. Kisanduku cha umeme cha mashine yake ya kushonea kilikuwa tayari chumbani kwa Fundi Ke. Alikikabidhi mwenyewe siku tatu kabla, kwa mikono miwili, na akashukuru.

Mambo yalikuwa hivi. Yinhua alikuwa mshonaji wa mikono ya makoti ya watoto. Mikono tu. Mama mmoja aliyeitwa Bosi Xian alileta mafurushi ya vitambaa vilivyokwisha kukatwa, Yinhua akaunganisha mikono, mwingine wa jengo la pili akatia zipu, mwingine akatia kofia. Mashine ilikaa dirishani, na dirisha lilikaribiana na la jengo la pili kiasi kwamba jirani akikosa chumvi unampa bila kunyanyuka. Duoduo, wa miaka miwili na miezi mitatu, alicheza chini ya meza na vipande vya nguo. Mota ikinguruma, analala. Ikinyamaza, anaamka.

Halafu, tarehe kumi na nne ya mwezi wa mwisho wa mwaka wa Kichina, mjusi akatafuta joto. Baridi ilikuwa imeingia hata huku Shenzhen, na kile kisanduku chini ya meza kilikuwa na joto kama tumbo la kuku anayeatamia. Mjusi akapenya kwenye tundu la waya. Yinhua alipokanyaga kanyagio palilia pa! Ukatoka moshi na harufu ya samaki aliyesahauliwa jikoni, na mashine ikafa. Mjusi naye alikufa.

Mikono mia moja na themanini ilikuwa bado. Bosi Xian alikwisha kusema: tarehe ishirini na tano, mwisho. Atakayemaliza ana kazi yake mwaka ujao. Asiyemaliza, "tusilaumiane, dada, nje wako wengi."

Mume wake, Lu Deqing, hakuwa mtu mbaya. Alifanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha kufinyanga plastiki, na mchana alilala na taulo usoni. Siku ile mashine ilipokufa alikaa kitandani, akaviangalia vidole vya miguu yake.

"Kisanduku kipya ni kodi ya miezi miwili," alisema. "Na cha aina ile hawatengenezi tena. Utabadilisha na mota. Mama Duoduo, tusijidanganye. Baada ya mwaka mpya utaingia kiwandani, na kiwandani mtoto haingii. Tukienda nyumbani kwa sikukuu tumwache kwa mama. Watoto wote wa kijijini si wanakaa na bibi zao?"

"Hata mimi nilikaa na bibi," Yinhua alisema.

Deqing akadhani amekubali. Lakini Yinhua alikuwa anakumbuka sikukuu moja akiwa na miaka saba, mlango umefunguliwa, mwanamke mwenye begi jekundu ameingia na kufungua mikono, na yeye Yinhua amekimbia kujificha nyuma ya mtungi wa mchele kwa sababu hakumjua. Mama yake alikaa chini palepale mlangoni, na begi lake mapajani. Hilo hakumsimulia Deqing. Alikichukua kile kisanduku, akashuka nacho ghorofa ya tatu.

Fundi Ke Shuisheng alikuwa na miaka sitini na minne, mwembamba, fulana mbili na sweta moja, na miwani miwili: mmoja machoni, mmoja juu ya kipara. Alikuwa ametengeneza televisheni, kisha redio, kisha feni, kisha chochote chenye waya, miaka thelathini na moja. Sasa alikuwa amestaafu na anatengeneza vitu vya kujifurahisha. Birika lake liliimba maji yakichemka. Kibakuli cha ndege dirishani kilijifungua chenyewe saa moja asubuhi. Na taa za ngazi, zile zinazowaka mtu akikanyaga, zilikuwa zake. Alihitaji taa moja tu ya ghorofa yake, lakini kiwanda hakitengenezi bodi chini ya tano, basi ghorofa tano zikapata mwanga. Watu wa ghorofa ya sita na ya saba bado wanapapasa kuta, na wengine wamemnunia mpaka leo.

Yinhua alipomkabidhi kisanduku, mzee alikifungua, akamtoa mjusi kwa koleo, akamlaza kwenye karatasi kwa heshima. Kisha akaitoa bodi iliyoungua na, kabla hajaitazama, akaigeuza kifudifudi, kama mtu anayetaka kumpasua samaki.

"Kila fundi ana ugonjwa wake," alisema alipoona Yinhua anamwangalia. "Wangu ndio huu. Uso wa bodi ni kama uso wa mtu anayekuja kukopa, unatabasamu tu. Mgongo ndio unaosema ukweli." Akainamisha taa. "Eeh. Tazama hapa. Shaba imeliwa. Bodi ya ubongo imepona, mota imepona. Aliyekufa ni huyu wa katikati, anayepokea amri ya mguu wako na kuipeleka kwenye mota. Mjumbe kauawa."

"Anauzwa?"

"Hauzwi. Tutamzaa upya."

Ndiyo sababu asubuhi ile, akiwa na chapati ya Liao mkononi na maneno yake masikioni, Yinhua alisimama kwenye ngazi ya ghorofa ya tatu na moyo umegawanyika. Taa ya ngazi ikawaka juu ya kichwa chake. Akabisha hodi.

"Ingia, Mama Duoduo! Usikanyage mjusi."

Hakukuwa na mjusi, alikwisha kutupwa. Kulikuwa na kompyuta kuukuu, na kwenye kioo chake mistari myekundu na ya buluu ilipita na kukwepana kama vichochoro vya mtaa. Fundi Ke alikuwa ameikwangua ile bodi iliyoungua, ameipiga picha, na sasa anachora upya mstari mmoja mmoja. Kila alichosema Liao kuhusu bodi kilikuwa kweli, isipokuwa maana yake. Hata feni ya kinyozi ilikuwepo, inazunguka vizuri, inapuliza nyaya. "Nimemwambia mara nne aje aichukue," mzee alisema. "Anasema kiangazi kikifika."

Alimwekea Duoduo kopo la vifundo vya redio za zamani, vikubwa kama ngumi ya mtoto, visivyomezeka. Duoduo akavipanga, akavipangua. Yinhua akakaa.

"Fundi, kiwanda gani kitahangaika na bodi moja ya mshona mikono?"

"Hakihangaiki. Wanachukua bodi yako, na ya mwanafunzi wa Harbin, na ya mzee fulani wa Ujerumani anayechezea treni za sebuleni, wanazipanga kwenye bamba moja kubwa, kama Liao anavyopanga maandazi ya watu kumi kwenye trei moja. Mvuke ni mmoja. Vikiiva, kila mtu anakatiwa chake. Ndiyo maana ni bei ya bakuli mbili za tambi. Zamani zetu, kama huna oda ya elfu moja, hata mlinzi wa geti hakusalimii."

"Na rangi?"

"Kijani. Kijani kinaokwa kila siku. Nyekundu na zambarau ni za vijana wasio na haraka. Sisi tuna haraka. Kesho kutwa kiwanda kinafunga kwa sikukuu, hakifungui mpaka katikati ya mwezi wa kwanza." Akaacha kuchora. "Jina la mtoto linaandikwaje?"

Yinhua akamwandikia kwenye ganda la sigara. Mzee akaliweka pembeni mwa ile bodi kwenye kioo, herufi nyeupe ndogo. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya mjusi, Yinhua alicheka.

"Wao wataweka namba yao pia," alisema mzee. "Hiyo hawaachi, kama chapa ya ng'ombe."

"Wakiona kosa watatuambia?"

"Wanaangalia kama mistari imegusana, kama tundu ni dogo mno. Unataka kutengeneza nini, hawajui, wala haiwahusu. Ukichora upumbavu ulionyooka, watakutengenezea upumbavu ulionyooka." Akabonyeza kitufe. "Imekwenda."

Baada ya saa moja simu yake ikalia. Wameipokea, wameikubali, iko kwenye foleni. Tarehe kumi na saba.

Siku tatu zile Yinhua alishona kwa mkono. Mikono tisa kwa siku, kidole kimetoboka, na makoti mengine yalilundikana mpaka yakaziba dirisha. Duoduo hakulala mchana, alilalia kanyagio lililokufa na kulipigapiga. Mama mkwe akapiga simu ya picha kutoka kijijini. Alikuwa amekwisha kutandika kitanda kidogo karibu na chake, akaonyesha na blanketi jipya lenye bata. Mama wa watu, furaha tupu. Yinhua akasifu blanketi. Ni zuri kweli, mama, alisema, na akageuzia simu ukutani kwa sababu macho yalimjaa machozi.

Tarehe ishirini, kabla ya saa sita mchana, kijana wa pikipiki alipaza sauti kutoka chini.

"Fundi Ke! Kifurushi! Shangazi Liao anasema ni magendo!"

"Mwambie ni bomu!" mzee akajibu dirishani. "Mwambie akae mbali na sufuria!"

Zilikuwa tano, zimebanwa ndani ya mfuko usio na hewa, kijani kama jani changa la mgomba. Yinhua aliishika moja kwa ncha za vidole. Jina la mwanawe lilikuwepo, limenyooka, limesafika. Matundu yalikuwa mia na zaidi, kila moja na pete yake ya fedha. Hakudhani kitu kilichochorwa na mzee wa fulana mbili kinaweza kurudi kizuri hivyo.

Fundi Ke alikuwa amekwenda kwa treni ya chini ya ardhi mpaka Huaqiangbei, soko la vifaa vya umeme, kununua vipande. Chipu kubwa alinunua mbili, moja ya kazi na moja ya bahati mbaya, ndivyo alivyosema. Akawasha chuma cha kulehemu. Moshi mwembamba ukapanda, akapachika, akachomea, akakata miguu ya waya ti, ti, ti, huku akipiga mluzi. Baada ya muda bodi ilikuwa imejaa kama mji. Akaiunganisha mezani na umeme wa majaribio, akabonyeza swichi.

Chipu ilitoa sauti ndogo, kama mtu anayevunja mbegu ya alizeti kwa meno. Halafu harufu.

Mluzi ukakatika. Mzee akazima. Akachukua bodi iliyounguzwa na mjusi, akaiweka karibu na ile mpya, akashusha miwani ya kiparani, akawa na miwani miwili machoni. Alitazama huku. Akatazama kule. Yinhua aliona shingo yake inabadilika rangi taratibu, kutoka chini kwenda juu.

"Mama Duoduo," alisema. "Mimi ni mjinga."

"Imekuwaje, Fundi?"

"Nilipiga picha mgongo. Si nilikwambia, ugonjwa wangu. Miaka thelathini na moja natazama migongo, sasa nimechora mgongo nikidhani ni uso. Kila kitu kimekaa kinyume. Mguu wa kwanza wa chipu uko ulipo wa nane. Hizi zote tano..." Akazisukuma. "Upumbavu ulionyooka. Na wamefunga jana."

Hakujitetea, wala hakuulaumu mjusi, kiwanda au macho. Alikaa tu na mikono mapajani, mtu mzima ameshikwa na aibu mbele ya mtoto anayepanga vifundo. Yinhua alitaka kumwambia usijali, lakini yeye mwenyewe alijali. Aliona kitanda kidogo chenye blanketi la bata. Siku tano. Kwa mkono, mikono tisa kwa siku.

Aliichukua bodi moja tupu, kwa kutaka tu vidole vyake viwe na kazi. Mshonaji akishika kitu hukigeuza, hajui hata kama anakigeuza. Akaipindua. Akaipindua tena. Kisha akaacha.

Mwezi wake wa kwanza wa kazi kwa Bosi Xian aliwahi kushona mikono ya kushoto arobaini mahali pa ya kulia. Alilia mpaka akapata kwikwi. Msimamizi, mama mmoja wa Sichuan mwenye sauti ya jogoo, alichukua mkono mmoja, akaingiza ngumi ndani, akauvuta nje kama anayechuna sungura. Wa kushoto ukawa wa kulia. "Kingekuwa kitambaa chenye uso mmoja, ungeniua," yule mama alisema. "Lakini hiki kina uso pande zote. Acha kelele, geuza."

"Fundi," Yinhua alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Fundi, samahani. Haya matundu, hizi pete za fedha, ziko upande huu tu?"

"Pande zote. Zimepita mpaka ndani."

"Kwa hiyo unaweza kuchomea upande wowote?"

"Unaweza." Mzee alijibu bila kuinua kichwa, kama anayejibu mtoto.

"Basi hii ni kama mkono wa koti ulioshonwa wa kushoto. Ukiugeuza..." Akaichukua bodi iliyoungua, akailaza mezani uso juu, na juu yake akailaza ile mpya, jina la Duoduo likitazama chini. Bodi ile ya zamani ilikuwa na matundu manne ya skrubu, matatu kwenye kona, la nne limeingia ndani kidogo. Alisogeza kwa kidole. La nne likakaa juu ya la nne. Taa ya meza ikapenya kwenye yote manne. "Vipande si unavipachika kutoka upande huu?"

Fundi Ke aliinua kichwa.

Akaivuta ile taa karibu. Akahesabu miguu kwa ncha ya koleo, midomo inacheza, mara ya kwanza, mara ya pili. Feni ya kinyozi iliendelea kuvuma.

"Moja iko kwenye moja," alisema. Halafu akapiga paja, akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeanguka mtaroni akakuta hajavunjika. "Miaka thelathini na moja! Nimeshinda nikigeuza bodi za watu, na yangu mwenyewe nimeiacha imelala! Binti, umesoma wapi wewe?"

"Shule ya msingi tu, Fundi. Nyingine nimesoma kwenye mikono."

"Basi waliokaa chuo kikuu wameibiwa ada. Nipe hiyo bodi. Usinipe ile ya kwanza, ile ni kaburi. Nipe ya pili."

Chipu ilikuwa imebaki moja, ile ya bahati mbaya. Mzee alinawa mikono, akaikausha, akakaa sawasawa. Safari hii hakupiga mluzi. Kabla ya kila kipande alimwonyesha Yinhua, na Yinhua alitazama bodi ya zamani, akatazama mpya, akasema "ndiyo" au akasema "ngoja". Alisema "ngoja" mara mbili, na mara zote mbili mzee aligeuza kipande bila kubisha. Herufi nyeupe alizoziandika kwa madaha zote zilikuwa chini, hazisomeki, na chuma cha kulehemu kilipita juu ya jina la Duoduo bila kuligusa.

Alipobonyeza swichi, hapakuvunjika mbegu. Kitaa kidogo cha kijani kikawaka na kutulia.

"Sasa usiniangalie mimi," alisema Fundi Ke. "Beba kisanduku, twende juu."

Deqing alikuwa ameamka, amesimama mlangoni na mswaki mdomoni, hajui amsalimie mzee au ateme kwanza. Fundi Ke alilala chini ya meza, akafunga skrubu nne, akaziba tundu la waya kwa kipande cha wavu. "Mgeni hapiti tena hapa," alisema huko chini. Yinhua akakaa. Akachukua mkono wa koti wa kwanza kwenye lundo, akauweka chini ya sindano. Akakanyaga.

Mota ikanguruma.

Sindano ikapita mshono mzima bila kukwama, ikasimama juu palepale ilipotakiwa kusimama. Yinhua aligeuza koti, akauvuta mshono kwa mikono yote miwili. Ulikuwa mshono kama ule wa kabla ya mjusi. Chini ya meza, Duoduo alikwisha kujikunja juu ya vipande vya nguo, kidole mdomoni, karibu na kiatu cha Fundi Ke.

"Huyu hanijali hata kidogo," mzee alinong'ona, akatambaa kinyumenyume ili asimwamshe.

Makoti yaliondoka tarehe ishirini na nne, siku moja kabla. Bosi Xian alivuta mkono mmoja mmoja, kama desturi yake, akitafuta uzi wa kumlaumu mtu. Hakuupata. "Mwaka ujao utachukua na kola?" aliuliza, akitazama pembeni, kwa sababu kusifu kunamuuma meno.

"Nitachukua," Yinhua alisema.

Jioni Deqing alikaa na simu, anakata tiketi za treni. Mbili za kwenda. Akasita, kidole kiko juu ya kioo. Yinhua alichukua sindano. Alishonea kifungo cha koti la Duoduo la kusafiria, akakata uzi kwa meno.

"Za kurudi ni mbili pia," Deqing alisema mwishowe. "Mtoto hakatiwi, anapakatwa." Akakuna shingo. "Kurudi nitampakata mimi. Wewe utachoka. Mama nitamwambia mwenyewe."

"Umwambie blanketi tutakuja nalo," alisema Yinhua.

Asubuhi ya safari foleni ya Shangazi Liao ilikuwa fupi, nusu ya jengo wamekwisha kuondoka. Liao alikuwa na habari mpya. "Mimi sisemi kitu," alimwambia muuza mboga, "ila nimesikia mzee Ke umeme hakuwa anaujua hata kidogo. Aliyemfundisha ni yule mke wa Lu, mshona mikono. Yule mpole. Hao wapole ndio wa kuogopwa." Alipomwona Yinhua amesimama hapo, hakutahayari. Alimwekea mayai mawili, akamtoza moja, kisha akatoa chini ya meza kitu kilichofungwa kwenye taulo. "Kisaa cha sufuria yangu kimekufa. Mpelekee. Mwambie sikutuma mimi."

Yinhua akapanda nacho. Mlango wa Fundi Ke ulikuwa wazi. Alikuwa mbele ya kompyuta, miwani miwili machoni, na kwenye kioo ile mistari myekundu na ya buluu imekaa upya. Mshona zipu wa jengo la pili alikuwa na mashine ya aina ile ile, na wawili wa jengo la saba, na mijusi haijaisha Shenzhen. Kiwanda kingefunguliwa katikati ya mwezi wa kwanza, naye alitaka awe wa kwanza kwenye foleni.

"Nimemaliza kuchora," alisema. "Tangu juzi."

"Hongera, Fundi. Umeshatuma?"

"Sijatuma." Akavua miwani mmoja, akaufuta kwa sweta, akaurudisha kiparani. Akanyanyuka, akampisha kiti chake, kile ambacho hakuna mtu aliyewahi kukikalia. "Najua treni yako ni saa nne. Kaa hapa kidogo tu, Mama Duoduo. Uitazame kwa macho ya mshonaji, uniambie huu ni uso au ni mgongo. Na ukirudi, kila nitakayochora, uwe unanitazamia kabla sijabonyeza."